Goziba si ubao wa sataranji

Mchuuzi wa dagaa anayevuka kwenda Goziba, wilayani Muleba, hahitaji kompyuta kumwambia kwamba mbalamwezi ikikolea mzigo hupungua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika, na magunia yanayofika Bukoba au Mwaloni Kirumba, Mwanza, huwa machache. Hayo ni maarifa ya kurithi. Anayo kabla hajanunua gunia la kwanza.

Siku hizi wenye mitaji midogo wanashawishiwa kununua programu zinazodaiwa kujifunza soko zenyewe, kisha kununua na kuuza kwa niaba yao, hasa fedha za kigeni. Wauzaji wake hupenda kutaja ushindi wa mashine katika michezo. Ushindi huo ni wa kweli, ila husimuliwa nusu.

Mwaka 1997 kompyuta ya IBM, Deep Blue, ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ilikuwa imejazwa ujuzi wa mabingwa, kuanzia namna ya kufungua mchezo hadi thamani ya kila kete. Miaka 20 baadaye AlphaZero, ya kampuni ya DeepMind ya London, ilipewa kanuni tu. Ikacheza yenyewe kwa yenyewe michezo milioni 44, kisha ikapambana na Stockfish, programu iliyosheheni ujuzi wa watu. Katika michezo 100 ilishinda 28, ikatoka sare 72.

Wauzaji huishia hapo. Hawasemi kwamba michezo hiyo milioni 44 haikumgharimu mtu hata gunia moja la dagaa. AlphaZero ikipoteza, kete zote zilirudishwa ubaoni. Mchuuzi wa Goziba akipoteza safari tatu mfululizo (mvua imenyeshea dagaa wakiwa wameanikwa, injini imezimika ziwani, bei imeanguka) hana cha kurudisha ubaoni, na mkopo bado unamsubiri.

Tena kanuni za sataranji hazibadiliki mchezo ukiendelea. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na biashara ya sangara ikayumba. Mashine iliyojifunza bei za sangara peke yake isingejua kwamba uamuzi unatoka Brussels. Mwenye redio alijua.

Si kwamba ya kurithi yanatosha. Mwezi unaeleza wingi wa dagaa. Hausemi wanunuzi wa Kongo watakuja wangapi wiki hii. Mzee asiyetaka kupiga simu Mwanza kabla ya kupakia atapitwa na kijana wa juzi. Mfano unaofaa zaidi ni AlphaGo, iliyomshinda Lee Sedol 4 kwa 1 mwaka 2016: ilianza kwa kusoma michezo ya watu, ndipo ikajinoa kwa kucheza yenyewe. Mchuuzi naye aanze na ya wazee, ayasahihishe kwa magunia machache.

Anayeuziwa programu aombe kwanza daftari la hasara zake kwa fedha halisi, si mchoro wa faida uliochorwa kwa bei zilizokwisha kupita. Akinyimwa, giza lijalo mitumbwi itaingia ziwani, na fedha hiyo bado itakuwa mfukoni mwake.