Kimo cha Alizeti na Somo la Hisabati

Waalimu wengi hufundisha milinganyo ya ukuaji kwa kuanza na kanuni, kisha wakatafuta takwimu zinazoikubali. Sisi twaona njia hiyo imepinduliwa. Mwanafunzi na aanze na mmea wenyewe.

Mfano mzuri twaupata katika makala ya H. S. Reed na R. H. Holland, iliyochapishwa Marekani mwaka 1919. Walipima mimea 58 ya alizeti kila juma. Wastani wa kimo siku ya 7 ulikuwa sentimita 17.93; siku ya 14, 36.36, siku ya 49, 205.5, na siku ya 84, 254.5. Katika juma lile la kwanza la kupima, kimo kiliongezeka maradufu. Mwanafunzi akishikilia kwamba kitazidi hivyo kila juma, siku ya 84 atakuwa na alizeti ya mita 367! Akiunganisha siku ya 7 na ya 49 kwa mstari mnyoofu na kuurefusha, atapata sentimita 362, zaidi ya mita moja kupita kweli. Makosa haya yafaa darasani kuliko ubao uliojaa kanuni, kwani humlazimisha mwanafunzi kuuliza ni nini kinachouzuia mmea.

Hapo ndipo penye nafasi ya mlinganyo wa Mbelgiji Verhulst, wa mwaka 1838: kasi ya ukuaji hufuata kimo kilichokwisha kufikiwa, na pia kile kilichobaki hadi kikomo. Wanafunzi wagawanye cha kwanza kwa cha pili, watafute logi, wachore grafu dhidi ya siku. Nukta zitakaribia mstari. Siku ya 84 watakwama, maana kikomo kikiwa 254.5, kilichobaki ni sifuri. Waachwe wakwame.

Hatukubaliani na wasahihishaji wanaotoa alama zote kwa mchoro laini. Mlinganyo wa Reed na Holland wenyewe watoa kama sentimita 55 kwa siku ya 21, hali mimea ilikuwa na 67.76, siku ya 14 na ya 28 pia wapungukiwa. Tofauti zinazoegemea upande mmoja hazitokani na rula mbovu, na mwanafunzi hana budi kuzitaja.

Tena, katikati ya msimu kikomo hakijulikani. Vyuo vya Singida na Dodoma, penye alizeti tele, visingoje takwimu za ng'ambo. Pimeni shamba la chuo, ficheni vipimo vya baada ya siku ya 35, kisha waagizeni wanachuo wakisie kikomo. Majibu yataachana mno. Na bwana shamba aulizwaye mapema juu ya mavuno yumo katika hali iyo hiyo.