Roho ya Shule Haiuzwi kwa Tiketi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayetaka kuiona methali hii kwa macho yake na aje Kampala muhula wa tatu. Muhula huo huanza Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Desemba, baada ya mvua kunyesha na nsenene kukaangwa mitaani. Kwetu hakuna majani yanayogeuka rangi wala baridi ya kuvalia makoti. Msimu wetu tunautambua kwa njia nyingine: watahiniwa wa kidato cha nne na cha sita huombewa dua, wadogo zao huwapa kadi za heri, na mabweni huwaimbia wanaoondoka. Katika miaka ya karibuni limeongezeka jambo moja ambalo linayameza hayo yote. Jambo hilo ni promu.

Wanafunzi wenzangu, tusidanganyane. Promu tumeiazima Marekani, tena tumeiazima vibaya. Wamarekani huifanya karibu na mwisho wa mwaka wao wa masomo. Majira ya vuli, wakati ambapo sisi tuko katika muhula wa tatu, wao wana sherehe nyingine ya kuwakaribisha nyumbani waliomaliza shule zamani, na kitovu chake ni mechi uwanjani. Wazee hurudi, hukaa na vijana, hupiga kelele pamoja. Katika mambo yote mawili tuliyoweza kuiga, tumechagua lile la gauni na gari la kukodi, tukaliacha lile la kuwarudisha watu shuleni.

Tena tunaambiwa kwamba promu hailazimishwi. Mwenye pesa alipe, asiye nazo asilipe. Maneno hayo yanapendeza masikioni tu. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, orodha ya waliolipa ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kila mtu aliisoma, na kila mtu alijua maana ya jina kukosekana. Usiku wa sherehe, waliokosa walibaki bwenini wakisikiliza muziki kutoka ukumbini. Hawakuwa wageni. Walikuwa wamekula posho na maharagwe pamoja nasi miaka sita, wamefagia uwanja ule ule, wamepoteza sauti wakiishangilia timu ile ile.

Hebu tuangalie hesabu. Mwaka 2024, ada ya kusajiliwa na Baraza la Taifa la Mitihani, yaani UNEB, ilikuwa shilingi 164,000 kwa mtahiniwa wa kidato cha nne na shilingi 186,000 kwa wa kidato cha sita. Wako wazazi wanaoilipa ada hiyo kwa mafungu. Mama anauza nguo Owino, baba anaendesha boda boda kutoka alfajiri, na bado risiti ya mwisho inapatikana siku ya mwisho. Mchango wa promu tulioombwa sisi ulizidi ada ya mtihani wenyewe, na hapo hujahesabu gauni, viatu, mpiga picha na gari. Mzazi anapoambiwa kwamba mtoto wake ataaibika asipolipa, hiyo hiari iko wapi?

Watetezi wa promu husema kwamba ni jambo la mara moja maishani. Nakubali kwamba kuagana ni jambo kubwa. Lakini kumaliza shule pia ni mara moja maishani, hata kwa yule aliyebaki bwenini. Kama usiku huo ni muhimu kiasi hicho, basi hiyo ndiyo sababu ya kutomfungia mtu mlango. Wengine husema promu inajenga roho ya shule. Hapo sikubaliani nao hata kidogo.

Tazameni shule zinazosifiwa kwa roho hiyo. Namilyango ilianzishwa mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, Budo mwaka 1906. Ni shule ghali siku hizi, na siko hapa kuzisifia karo zake. Lakini ulizeni ni kitu gani humfanya mzee aliyesoma Budo miaka hamsini iliyopita ajitambulishe hadi leo kwa jina la bweni lake. Ulizeni kwa nini aliyepita Gayaza hulikumbuka shamba la shule, na aliyecheza raga Namilyango huikumbuka mechi dhidi ya Kisubi. Vitu hivyo havikununuliwa mlangoni. Vilitokana na kazi, nyimbo, jasho na kushindwa pamoja. Mapenzi ya shule hukua kama muhogo, chini kwa chini, na hayaonekani katika picha za simu.

Sisi wa kizazi hiki tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Tukiwa nyumbani, wengine wakiuza ndizi barabarani na wengine wakichunga wadogo zao, tulitamani nini? Tulitamani kengele, mstari wa asubuhi, rafiki wa dawati moja. Wako waliotoka na hawakurudi tena. Shule zilipofunguliwa, furaha yetu ilikuwa kuhesabu nani amerudi. Iweje leo tufurahie sherehe inayoanza kwa kuhesabu nani atengwe?

Wapo pia watu wazima wanaotaka sherehe zote zipigwe marufuku, watahiniwa wasome tu mpaka karatasi ya mwisho. Hao nao wanakosea. Mwanafunzi si gunia la kujazwa alama. Anayeondoka bila kuagwa huondoka kama mpangaji, na mpangaji harudi kupaka nyumba rangi.

Basi ninadai mambo matatu. Kwanza, sherehe ya kuaga ifanyike katika ukumbi wa shule, kwa sare ya shule, na gharama yake iwe ndogo kiasi cha kulipiwa na mfuko wa shule. Kama hauwezi, basi tupike wenyewe. Pili, mashindano ya mabweni ya nyimbo na michezo yafanyike Septemba, kabla mitihani haijaanza, na waliomaliza zamani waalikwe, akiwemo fundi wa magari wa Katwe, si mawaziri peke yao. Tatu, kila darasa linaloondoka liachie shule kitu: miti, vitabu, au madawati yaliyokarabatiwa. Kadi za heri ziandikwe kwa mkono, na kila mtahiniwa apate, maana karatasi na kalamu hazimshindi mtu.

Wakuu wa shule, acheni kugeuza mapenzi yetu kuwa duka. Viranja, msikubali kukusanya fedha za mchango unaowatenga wenzenu. Na wewe uliye kidato cha tano sasa, mwakani utaulizwa kama umelipa. Kabla hujajibu, uliza kwanza ni nani hataingia, kisha kataa kuingia bila yeye.