Chakula cha Sikukuu Kiliandaliwa na Nani?

Kwa zaidi ya miaka 20 nimesahihisha insha za wanafunzi, na katika muda huo hakuna mada niliyoisoma mara nyingi kuliko ile ya sikukuu. Iwe ni Idd, iwe ni Krismasi, mwandishi wetu huamka alfajiri na mapema, majogoo yakiwika. Huoga, huvaa nguo mpya, huenda kusali, kisha hurejea nyumbani na kukuta vyakula vya kila nui vimeandaliwa. Hapo hufuata orodha: pilau, biriani, chapati, kuku wa kukaanga, sharubati, na mapochopocho mengine chungu nzima. Jamaa hula, hushiba, husaza, na insha ikakaribia kikomo chake.

Nimekuwa nikiipitisha sentensi hiyo ya vyakula bila kuitia wino mwekundu, kwa kuwa sarufi yake haina kasoro. Lakini kila mwalimu wa Kiswahili ajua kwamba kauli ya kutendwa huruhusu jambo moja la hatari: mtenda aweza kuachwa nje, na sentensi ikasimama wima bila yeye. Vyakula viliandaliwa. Na nani? Sentensi haijali. Mwanafunzi hajali. Nami msahihishaji, kwa miaka hiyo yote, sikujali, maadamu nyumbani kwangu mwenyewe niliishi ndani ya sentensi iyo hiyo.

Makazi yangu ni Mombasa, na sikukuu yetu kubwa ni Idd-ul-Fitri. Desturi niliyoirithi ni kwamba baada ya sala jamaa wa upande wangu hukusanyika kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao, na pamoja nao huja walimu wenzangu kadha, Waislamu kwa Wakristo, kula biriani. Kazi ya kualika ilikuwa yangu. Niliifanya kwa ukarimu mkubwa, njiani, msikitini na katika chumba cha walimu: "Karibu, ndugu yangu, Idd ni kwetu." Nikifika nyumbani nilitaja idadi ya wageni, nikatoa fedha, nikahesabu kwamba karamu imekwisha. Aghalabu idadi niliyoitaja ilipungua ile iliyofika kwa watu kumi hivi.

Mwaka mmoja, Ramadhani ikiwa imebakiwa na kumi lake la mwisho, mke wangu aliteleza ngazini akavunjika mkono wa kulia. Mkono ukatiwa plasta, na wageni 40 walikuwa wamekwisha kualikwa. Nikatangaza, kwa sauti ya mtu aliyekata shauri, kwamba binti yetu atashika nafasi ya mama yake. Binti huyo alikuwa na miaka 17, yu kidato cha nne. Hakukataa. Aliuliza swali moja tu: "Baba, na mimi hotuba ya Idd nitaisikia lini?"

Sikulielewa swali hilo mara moja. Ikanilazimu kufikiri, ndipo nilipotambua kwamba tangu binti yangu alipofikia umri wa kushika mwiko, hajapata kutoka hata mara moja kwenda kusali sala ya Idd. Alizuiwa na masufuria. Nami ni mtu niliyesoma, na ninaijua hadithi ya Umm Atiyya, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayoeleza kwamba Mtume aliagiza wanawake watolewe waende kwenye sala za Idd mbili, hata wale walio katika hedhi wahudhurie kheri na dua ingawa hawasali. Niliijua, nikaifundisha, na jikoni kwangu sikuwahi kuifikisha.

Basi nikasema kwamba nitapika mimi, pamoja na wanangu wawili wa kiume. Mke wangu alicheka. Alipoona kwamba sitanii, akasema, "Haya, Mwalimu, shika kalamu."

Nilidhani ataanza na nyama. Alianza na watu. Alitaka kujua, si walioalikwa, bali watakaokuja: nani huja na shemeji yake bila kusema, nani ana watoto wadogo, nani halali nyama ya ng'ombe kwa ajili ya maradhi. Kisha zikahesabiwa sahani zinazotoka kabla ya mtu yeyote kuketi: ya mzee asiyeweza kushuka ngazi, ya mjane aliyekuwa eda, ya jirani Mkristo ambaye hutuletea chapati na kuku siku ya Krismasi. Tulipomaliza, wageni wangu 40 walikuwa wamekuwa 46. Hata hesabu hiyo ilitanguliwa na nyingine, ile ya zakatul-fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa nyumbani, yaani takriban kilo 2.5 za mchele, nayo sharti itoke kabla ya sala ili pasiwe na mtu wa kushinda na njaa siku ya furaha. Mimi nilikuwa nikiitoa kwa fedha, nikidhani ni jambo la mfukoni. Kwa mke wangu lilikuwa sehemu ya karamu.

Ndipo tukafika sokoni. Kilo moja ya mchele yatosha watu sita au saba, basi kilo 7. Nyama yenye mifupa kilo 9, viazi kilo 5, vitunguu kilo 5, na nyanya, mtindi, tangawizi, thomu, bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa kadiri yake. Makaa gunia zima. Masufuria mawili ya kuazima na masinia manane, ambayo yataka kuombwa mapema kwani mtaa mzima huyataka siku moja. Vitunguu vikatwe na kukaangwa siku tatu kabla, vikauke vizuri, vitiwe katika kopo. Viungo vitwangwe. Nilijaza kurasa mbili. Mke wangu, ambaye elimu yake rasmi iliishia darasa la saba, alikuwa akiyabeba haya yote kichwani kila mwaka, na kunifanya mimi, mwenye shahada, niamini kwamba hayapo.

Sasa nije kwa mwezi. Krismasi ina tarehe yake, na apikaye huko hujua tangu Januari kwamba ni Desemba 25. Mpishi wa Idd hana bahati hiyo. Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, na jioni ya siku ya 29 hakuna ajuaye kwamba kesho ni Idd au ni saumu mpaka mwezi uandame na habari zake zitangazwe. Karamu ya watu 46 yapaswa kuwa tayari kwa kesho na isiwe tayari kwa kesho, kwa wakati mmoja.

Mimi, kwa pupa ya mwanafunzi mpya, jioni hiyo niliroweka nyama yote katika mtindi, thomu, tangawizi na papai bichi lililosagwa, ambalo ndilo hulainisha nyama. Mwezi haukuandama. Asubuhi ya pili mama mmoja jirani, ambaye sote humwita shangazi, alikuja kuniangalia. Akafunua sufuria, akabonyeza pande moja la nyama kwa kidole, likaachana. "Mwanangu," akasema, "papai halitiwi mpaka mwezi utangazwe. Hii mpaka kesho itakuwa uji." Kilo tisa za nyama zikapikwa mchuzi siku hiyo hiyo, tukafuturu nao sisi na nusu ya mtaa, na usiku nikaenda kupanga foleni buchani kununua nyingine, nikilipa mara ya pili. Mtu asinieleze kwamba kupika ni jambo la silika wanalozaliwa nalo wanawake. Ni elimu yenye kanuni zake, na asiyeifuzu hulipa karo.

Usiku ule wa pili, mwezi ukiwa si wa kubahatisha tena, nilipita barazani nikiwa na kapu langu. Wenzangu walikuwa wameketi wakinywa kahawa, wamekwisha kunyolewa, kanzu zao zimepigwa pasi nyumbani na mikono wasiyoifikiria. Walinitania sana. Niliwajibu kwa mzaha, lakini nilipoangalia juu niliona kwamba kila dirisha la jikoni katika mtaa ule lilikuwa na taa, na saa ilikuwa imekwisha kupita sita za usiku. Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wale wa barazani, wala sikuwahi kuinua macho.

Mwanangu mdogo, wa miaka 14, alinifundisha jambo jingine bila kukusudia. Aliweza kutaja majina ya vyombo vya jikoni kama maji: mwiko, upawa, kinu, mchi, mafiga, kawa, mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa ameyakariri kwa ajili ya mtihani. Nilipomwambia anipe upawa, alinipa mwiko.

Kuhusu upishi wenyewe sitasema mengi. Masala yaliiva vizuri, kwa uangalizi wa mke wangu aliyeketi kwenye kigoda akiamrisha kwa mkono mzima. Wali ndio ulionishinda. Wali wa biriani huchemshwa katika maji ya chumvi mpaka ukaribie kuiva huku kiini chake kikiwa bado kigumu kidogo, kisha humwagwa maji, ukatiwa samli na zafarani, ukafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, huku moto wa chini ukipunguzwa. Mimi niliuacha majini dakika chache za ziada, kisha nikasahau kupunguza moto. Juu ulikuwa bokoboko, chini ukoko mweusi. Wageni wakala. Hakuna aliyesema neno ila mjomba wangu, aliyeuliza kama mke wangu hajambo.

Binti yangu alikwenda kusali. Alirudi pamoja na mama yake, wakaketi mbele ya sinia pamoja na wageni wa kike tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipopita na birika la maji ya kunawa niliwasikia wakibishana juu ya hotuba ya imamu. Sikuwahi kumsikia binti huyo akizungumza siku ya Idd. Aghalabu alikuwa amelala kwa uchovu.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba hii ni mila yetu, na kwamba jiko si mahali pa mwanamume. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ingelikuwa kweli. Pwani hii, arusi ikiwa kubwa, ni nani husimama na kata mkononi juu ya masufuria yanayoweza kumficha mtoto? Mara nyingi ni wanaume, tena hulipwa, na sifa zao huvuka mitaa. Huko bara, mbuzi wa Krismasi huchinjwa, huchunwa na kuchomwa na wanaume, nao hujivunia kazi hiyo mbele ya wageni, ilhali kina mama wamejifungia moshini wakisukuma chapati. Yaonekana basi kwamba mwanamume apaswa kupika panapo malipo au watazamaji. Kazi isiyo na mojawapo ya hayo mawili ndiyo tuliyoipa jina la mila.

Shule nazo hazikosi lawama. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Sayansi Kimu ilifundishwa katika shule za msingi kwa wavulana na wasichana. Masomo ya mtihani yalipopunguzwa baadaye, nayo ikawekwa kando, na kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umerudisha upishi na lishe darasani. Hata hivyo, nimewaona walimu wenzangu wakiwagawa watoto siku ya somo la vitendo: wasichana wapike, wavulana walete kuni na waandike ripoti. Ripoti hizo, bila shaka, zimejaa kauli ya kutendwa.

Tangu Idd ile, nikikutana na sentensi kwamba vyakula viliandaliwa, huandika pembeni kwa wino mwekundu: "Na nani?" Wavulana wengi huongeza neno "mama" na kurudisha daftari, wakidhani nilitaka kirai kimoja. Mmoja aliandika aya nzima, tena nzuri kuliko insha iliyotangulia, kuhusu dada yake aliyepika tangu saa tisa za usiku na ambaye, alisema, hayumo katika picha yoyote ya siku ile, kwa kuwa kila ilipopigwa picha alikuwa jikoni. Sijui kama angepata alama zaidi mbele ya mtahini mwingine. Mimi nilimpa.

Nyumbani, karatasi zile mbili zimebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na zimeongezwa maandishi ya mikono mitano. Aalikaye mtu huandika jina lake hapo kabla hajamwalika. Jambo hili limepunguza ukarimu wangu kidogo.

Idd ijayo ni zamu ya ndugu yangu kutualika. Nilimpigia simu juzi kuuliza tutakuwa wangapi, nije na nini, na vitunguu vitaanza kukatwa siku gani ili niwahi na vijana wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia nisubiri amuulize mkewe.