Kabla ya harambee, isome barua yote

Jirani yangu alinijia majuzi, barua mkononi na furaha tele usoni. Kifungua mimba wake alikuwa ameandikiwa na kocha wa chuo kimoja kidogo cha Marekani. "Mzee, kijana amepata skolashipu ya mpira!" akaniambia, kisha akaniomba niwe katika kamati ya harambee. Nilimwuliza kama ameisoma barua yote. Kumbe alikuwa ameisoma nusu.

Mzazi mwenzangu, vyuo vya Marekani vimegawanywa kwa madaraja katika michezo. Vyuo vingi vidogo vya kibinafsi vimo katika daraja la tatu la chama kiitwacho NCAA, na daraja hilo haliruhusu mwanafunzi kulipiwa karo kwa sababu ya mchezo. Hata senti moja. Kocha atamsifu mwanao, hata atampigia simu usiku wa manane (kwao bado ni mchana), lakini mfuko wa karo hauko mikononi mwake. Msaada huko hutegemea alama za darasani au uwezo wa wazazi, na si kila chuo kinachowafikiria wageni. Wanaoweza kulipia mchezaji ni wa daraja la kwanza na la pili, na mara nyingi ni sehemu tu ya karo.

Usidhani kandanda yao ni ya mchezomchezo. Chuo cha Messiah, Pennsylvania, kilitwaa ubingwa wa daraja la tatu mara 11 kwa wanaume kati ya 2000 na 2017, na mara 6 kwa wanawake kati ya 2005 na 2019. Miaka ya 2005, 2008, 2009 na 2012 vikombe vyote viwili vilikwenda huko.

Naam, nimesema wanawake. Jirani yangu ana binti katika shule ya upili, naye hucheza. Kila akirudi na viatu vya matope hukaripiwa kwamba mpira ni wa wavulana. Lakini sheria ya Marekani ya 1972, iitwayo Title IX, inakataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wasichana, michezoni pia. Kwa kuwa ule mpira wao wa kuvaa helmeti humeza nafasi nyingi za wavulana, vyuo vingi vilianzisha kandanda ya wasichana ili kusawazisha. Leo vyuo vyenye timu ya wanawake vimezidi vyenye timu ya wanaume. Msichana mwenye alama nzuri ana milango mingi kuliko kakaye!

Basi uliza karo ya miaka yote minne, si ya mwaka wa kwanza pekee. Fomu iitwayo I-20 huonyesha gharama za mwaka na nani atalipa nini. Wala usitegemee kibarua: viza ya mwanafunzi humruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena chuoni humo.

Tuliandikia chuo, na jibu likaja. Msaada haukufika nusu ya karo. Harambee tumeiahirisha, na kijana ametuma maombi kwingine. Kikao kilipovunjika, mke wa jirani, aliyekuwa kimya jioni nzima, aliniuliza kando viatu vya mpira vya msichana huuzwa wapi.