Kukimbia Si Adhabu

Ndugu mtahiniwa, bila shaka unaijua adhabu hii: umechelewa namba, mwalimu wa zamu anakuonesha uwanja na kukwambia, "Mizunguko mitano." Nami nilikimbizwa hivyo nilipokuwa mwanafunzi, na nilipopata ualimu niliwakimbiza wengine. Ndiyo maana wengi wetu humaliza kidato cha nne tukiamini kwamba kukimbia ni malipo ya kosa. Maoni yangu ni kwamba hilo ni somo baya, na ni vema ulifute kabla hujaingia katika chumba cha mtihani.

Mimi si mwanariadha. Nilipangiwa kazi Mafia nikiwa na miaka 29, nikavuka kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni na begi langu la vitabu. Kusahihisha madaftari hadi usiku, chapati na chai ya sukari nyingi vikaninenepesha. Nilipofikisha miaka 34, muuguzi alinipima shinikizo la damu, akarudia kipimo, kisha akanishauri nianze mazoezi bila kuchelewa. Baba yangu alipooza upande mmoja kwa tatizo hilohilo. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nikashika barabara ya Utende. Nilikusudia kufika mbali, lakini sikuifikia hata nguzo ya tatu ya umeme. Nikasimama nimeshika kiuno, kifua kinawaka. Mama mmoja aliyekuwa akipika vitumbua akaniuliza, "Mwalimu, kwema? Nani anakufukuza?" Niliona haya, ila swali lake lilinifungua macho. Kweli nilikuwa nikikimbia kama mtu anayefukuzwa, kama nilivyozoeshwa shuleni. Siku iliyofuata nikapunguza mwendo mpaka nikaweza kumwamkia bila kuhema. Nguzo moja mbio, nguzo mbili kutembea. Baada ya wiki tatu, nguzo mbili mbio, moja kutembea. Mwenda pole hajikwai.

Sikuanza kupenda siku moja. Mwezi wa kwanza nilitoka kwa hofu tu. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, umande ukiwa bado majanini na minazi ikianza kuonekana vizuri, niligundua kuwa nimesahau kuhesabu nguzo. Nilikuwa nimefika mbali kuliko siku zote, na kichwani nilikuwa nikipanga kipindi changu cha kwanza. Wiki chache baadaye nikaugua malaria, nikalala siku sita. Nilipopata nafuu, kitu cha kwanza nilichokitamani kilikuwa ile barabara. Hapo nikajua kwamba nimeshapenda.

Mapenzi hayo yalinionesha kosa langu. Palikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akichelewa mara kwa mara, nami nikimpa mizunguko yake. Asubuhi moja, nikiwa barabarani, nilimkuta akikimbia peke yake kuelekea shule, viatu mkononi, kijiji chake kikiwa mbali nyuma yake. Alinisalimia, "Shikamoo mwalimu," akaendelea. Kumbe kila nilipomkimbiza uwanjani, alikuwa ameshakimbia zaidi yangu. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo sijampa mwanafunzi mbio kama adhabu.

Sikwambii uwe bingwa. Tanzania inao mabingwa wake. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, na Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia jijini Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Hata hivyo, mtu wa kawaida ana la kujifunza zaidi kwa John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunamkumbuka kwa kufika.

Utaniambia, "Mwalimu, mtihani ni Novemba, muda sina." Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Ukitembea kwenda shule, sehemu ya dakika hizo unayo tayari. Ongeza 20 za mbio za pole, siku tatu kwa wiki. Mimi husahihisha madaftari kwa utulivu zaidi siku niliyokimbia, na usingizi wangu umekuwa mzuri. Wasichana mtasema watu watawacheka. Tokeni wawili au watatu, vaeni nguo za heshima zisizobana, wanaocheka huzoea. Mwenye pumu, selimundu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Kanuni yangu ni moja: kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kumjibu anayekusalimia, punguza.

Nimelieleza hili katika kitabu cha marudio kwa sababu vitabu navyo tumevigeuza adhabu. Anayesoma kwa kuuogopa mtihani huviacha siku ya karatasi ya mwisho, kama anayekimbizwa anavyosimama mwalimu akigeuka. Desemba itafika, na kengele hutaisikia tena. Hakuna atakayekuhesabia mizunguko wala kurasa. Anza sasa, nguzo moja na ukurasa mmoja, ili siku hiyo ikukute ukitoka mwenyewe.