Baraza la Akina Mama: Nguo Ifuate Ngozi

Akina baba, msituachie baraza peke yetu, maana fedha ya kitenge mara nyingi hutoka kwenye kahawa ya nyumba nzima, na mwenye kulipa yafaa ajue analipia nini.

Leo tuna neno juu ya nguo, na lilianza hivi. Binti mmoja wa upande wa Nyakahura alichaguliwa kumsimamia dada yake siku ya ndoa. Wenzake wakapatana sare: kitenge cha rangi ya udongo chenye maua ya kahawia. Binti yule ni mweusi, weusi mzuri wa kung'aa. Lakini aliposhonewa gauni akajitazama kwenye kioo, akajiona amefifia kama taa iliyokwisha mafuta. Jirani akamwambia, "Mwanangu, ubaya ni wa ngozi yako. Dawa ipo dukani, majuma matatu tu utakuwa mweupe." Mama yake akaja kutuuliza: je, amnunulie?

Tunamjibu mbele yenu nyote: mama, usinunue. Ngozi ya mwanao haina kosa lolote. Waliokosea ni waliochagua kitambaa. Na kwa kuwa wengi wetu hukosea hivyo hivyo, na tuzungumze taratibu jinsi ya kuchagua.

Kwanza, kupima. Ukifika dukani, iwe Kabanga, Benaco au Biharamulo mjini, usichague kitambaa kikiwa kimetundikwa ukutani. Ukutani kila kitambaa chapendeza, maana ukuta hauna uso. Mwombe mwenye duka ruhusa ukitoe mlangoni penye mwanga wa mchana, kwani taa ya dukani hudanganya macho. Kiweke chini ya kidevu, kisha mwambie mwenzako akutazame. Naye asitazame kitambaa, atazame uso. Akiona macho yako kwanza, kitambaa hicho ni chako. Akiona maua kwanza na uso baadaye, au ukaonekana kama mtu aliyeamka na homa, kirudishe kwa adabu.

Sababu yake ni nyepesi. Rangi mbili zinazokaribiana sana humezana, na rangi mbili zinazoachana huinuana. Chui hujificha majanini kwa njia hiyo hiyo, lakini wewe huendi kanisani kujificha.

Basi, mwenye weusi wa kukolea atafute rangi zilizo safi: nyeupe, manjano ya ndizi mbivu, nyekundu, buluu ya bahari, kijani kibichi. Kahawia na kijivu kilichofifia visikae karibu na uso wake. Mwenye rangi ya maji ya kunde ajihadhari na kaki, udongo na manjano hafifu, maana zafanana mno na ngozi yake. Humfaa zaidi damu ya mzee, zambarau, kijani cha jani la mgomba, au buluu nzito kama ya kaniki. Mwenye wekundu ndani ya ngozi yake hupendezwa na kijani, buluu na rangi ya maziwa. Rangi ya chungwa iliyo kali aishone sketi, isifike shingoni. Haya si Amri Kumi. Kioo chako ndicho chenye neno la mwisho.

Pili, maua. Mtu mdogo wa umbo akivaa kitenge chenye ndege wakubwa kama sinia, watu watawaona ndege tu. Naye achague maua madogo au ya kadiri. Mwenye mwili mkubwa asikimbilie vidoadoa akidhani vitamficha. Maua ya kadiri yenye nafasi kati yake humkaa vizuri zaidi. Kabla fundi hajakata, tandazeni kitambaa pamoja mezani, umwonyeshe ua kubwa likae wapi. Mkasi ukishapita haurudi nyuma. Na ya shambani iwe nyeusi au yenye maua mengi, kwa maana utomvu wa mgomba ukishashika nguo hautoki, na vumbi la kiangazi halichagui.

Kwa kanga, kumbuka ina pindo, mji na jina. Tazama mji, maana ndio utakaokuwa mgongoni, na usome jina kabla ya kulipa, usije ukampelekea mama mkwe wako matusi bila kujua. Ukishindwa kabisa kuamua, ikumbuke kanga ya kisutu ambayo watu wa pwani humpa bibi arusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi zake tatu zina nguvu, na ni wachache sana isiowapendeza.

Hapa sikilizeni habari moja ya vitenge. Uchapaji wake kwa nta ulianza katika kisiwa cha Java, ambako watu walichora nguo zao kwa mkono. Waholanzi wakauiga kwa mashine; kiwanda cha Vlisco katika mji wa Helmond kilianzishwa mwaka 1846, na vitambaa vyake vya kuiga vilikusudiwa kwa watu wa Java. Baadaye vikaletwa Afrika ya Magharibi. Akina mama wa huko sokoni wakachagua: hiki twakitaka, hiki hatukitaki. Wenye viwanda wakaona mali isiyotakiwa hailipi, wakabadili michoro na rangi kufuata wanunuzi. Mnaona? Kiwanda kizima ng'ambo kiliweza kubadili kitambaa kimfuate mama mweusi. Sasa kwa nini binti wa Nyakahura abadili ngozi afuate kitambaa cha siku moja?

Na dawa yenyewe ni nini? Nyingi ya hizo, pamoja na mikorogo ya kuchanganya vibandani, huwa na zebaki, au haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi. Zebaki mnaijua. Ndiyo ile wachimbaji wadogo wa Biharamulo na Geita wanayokamatia dhahabu. Ikipakwa usoni hupenya ngozi ikaingia mwilini, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta mabaka ya weusi wa kibuluu, magumu sana kutoka. Yaani aliyeukimbia weusi huupata mwingine ulio mbaya. Steroidi nazo huifanya ngozi iwe nyembamba, hata kidonda kikawa kizito kupona.

Kwa hiyo sheria za nchi yetu zimekataza vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni. Hata mataifa yalipatana mwaka 2013, katika mkataba uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliumia kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ikaingia katika samaki wao. Lakini sheria haisimami mlangoni mwa kila kibanda. Soma kopo: ukiona neno mercury, ndiyo zebaki. Na kopo lisilo na maandishi, au lenye maandishi usiyoweza kuyasoma, liache. Kama binti yako amekwisha kuanza kupaka, usimpigie kelele. Mpeleke zahanati, aseme wazi alichotumia na kwa muda gani, apate shauri la namna ya kuacha.

Tena weusi una kazi yake. Ngara na Biharamulo ziko kati ya digrii 2 na 4 kusini ya Ikweta, na jua letu ni kali. Rangi iliyo ndani ya ngozi ni mwavuli usionunuliwa. Aliye na mwavuli huo asiuchane.

Wapo kati yetu waliozaliwa bila mwavuli huo, watoto wetu wenye ualbino. Kwao nguo ni kinga kabla ya kuwa pambo. Mshonee mtoto huyo mikono mirefu na ukosi wa kufunika shingo, katika kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kiinue juani, ukiona mwanga mwingi wapenya, hakimfai. Nguo nyeupe nyembamba hupitisha jua kuliko nzito yenye rangi iliyokolea. Kofia iwe pana, yenye ukingo pande zote. Na kwa uzuri, buluu, kijani na damu ya mzee humpendeza sana. Mtoto huyo naye ana haki ya kupendeza siku ya Komunyo ya Kwanza kama wenzake.

Turudi kwenye sare, maana huko ndiko ugomvi mwingi huanzia. Viongozi wa kwaya, wa WAWATA, na kamati za harusi, fanyeni hivi: kabla ya kununua jora zima, ombeni kipande. Mwiteni aliye mweusi kuliko wote, aliye mweupe kuliko wote, na mmoja wa katikati. Kipande kikiwakaa wote watatu, nunueni. Hapo hamtamfanya mmoja ajione mgeni katika furaha ya wenzake. Na kama sare imekwisha kununuliwa, usikate tamaa, kwa sababu kitambaa kilicho karibu na uso ndicho kinachosema. Ya kiunoni na ya miguuni hayana neno.

Ndivyo tulivyomshauri yule mama. Alinunua bafta nyeupe kidogo tu, fundi akamtilia binti ukosi mweupe mpana, na kipande kilichobaki kikawa kilemba. Gauni ni lile lile la udongo. Siku ya ndoa binti alisimama karibu na dada yake, uso wake umewaka. Tukamsikia yule jirani akimnong'oneza mama, "Umeona? Ile dawa imemkubali!"

Mama akacheka, akamjibu, "Imemkubali, dada. Inauzwa kwa mita, na fundi cherehani ndiye daktari wake."

Akina mama, juma hili mtu akikuambia binti yako abadili rangi ndipo apendeze, mwulize kwanza amevaa nini.