Mkono Unaouma kwa Kipanya cha Kompyuta: Ni Jukumu la Nani?
Mama, kazi za kuweka alama kwenye picha zinazofunza akili mnemba zimeajiri wengi Nairobi. Siku nzima ni kubofya. Kifundo cha mkono kikikaa kimepinda kwa muda mrefu, neva huweza kubanwa, vidole vikafa ganzi. Wajawazito hupatwa zaidi, kwa kuwa mwili huvimba.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri alinganishe vifaa na mfanyakazi. Lakini wewe unayefanyia nyumbani, ukilipwa kwa kila picha, nani atakununulia meza?

Kwa sasa, weka kipanya karibu, usawa wa kiwiko. Sogeza mkono mzima. Pumzika mara kwa mara, ingawa kubeba mtoto si kupumzika. Ganzi ikikuamsha usiku, nenda kituo cha afya kabla vitu havijaanza kukuponyoka.